Kupunguza Mafuta Bila Kupoteza Nguvu

Kwa miaka mingi kazi yetu ya lishe katika Dayosisi imekuwa ni kupambana na utapiamlo wa watoto. Tumepima watoto uzito chini ya miti na katika majengo ya sharika, tumegawa mbegu za mboga na mbuzi wa maziwa, na tumefundisha uji wa lishe. Kazi hiyo bado haijaisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa.

Hata hivyo, katika ziara zetu tunaona jambo jingine likikua kando ya hilo. Katika kaya moja unaweza kumkuta mtoto aliyedumaa, na mama au baba mwenye uzito uliozidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 22 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Katika utafiti wa mwaka 2015/16 walikuwa wamefika 28. Aidha, utafiti wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulikuta watu wapatao 9 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana kisukari.

Kutokana na hali hiyo, watu wengi wameanza kujitahidi kupungua, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni njia wanazotumia. Wapo wanaoacha kula kabisa mchana, wapo wanaoshindia maji ya limao, na wapo wanaonunua chai za kupunguza unene zinazouzwa mitaani. Baada ya mwezi mizani inashuka, lakini mtu huyo hana nguvu ya kubeba ndoo wala ya kupanda mlima kwenda shambani. Kwa familia inayoishi kwa nguvu za mikono, hiyo ni hasara kubwa.

Katika makala hii tunapenda kueleza tofauti kati ya kupunguza uzito na kupunguza mafuta, na jinsi chakula chetu cha kawaida pamoja na mazoezi rahisi vinavyoweza kuondoa mafuta huku vikilinda misuli.

MAFUTA NA MISULI NI VITU VIWILI TOFAUTI

Mizani inapima kila kitu kwa pamoja: mifupa, maji, chakula kilichoko tumboni, misuli na mafuta. Haiwezi kukuambia ni kipi kimepungua.

Mafuta ya mwilini ni akiba ya nguvu. Gramu moja ya mafuta ina takribani kilokalori 9, wakati gramu moja ya wanga au protini ina takribani 4. (Kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula.) Kiasi fulani cha mafuta ni cha lazima kwa afya. Yanayoleta madhara zaidi ni yale yanayojikusanya ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo. Hayo huongeza uwezekano wa kupata kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo.

Misuli nayo ndiyo inayotuinua, inayotutembeza na inayotukinga tusianguke. Zaidi ya hapo, misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari inayoingia katika damu kwa msaada wa homoni iitwayo insulini. Mtu mwenye misuli inayofanya kazi ana ghala kubwa la kuhifadhi sukari. Misuli ikipungua, ghala linakuwa dogo na sukari hubaki katika damu.

Ni vyema ikaeleweka pia kwamba kuanzia umri wa miaka 30 hivi, misuli huanza kupungua yenyewe polepole, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kilo zilezile kwa miaka 20, kumbe misuli imepungua na mafuta yamechukua nafasi yake. Mafuta hayageuki kuwa misuli, wala misuli haigeuki kuwa mafuta. Kimoja hupungua na kingine huongezeka, kila kimoja kwa sababu zake.

KINACHOTOKEA MTU ANAPOJINYIMA CHAKULA

Tuchukue mfano wa mama mwenye umri wa miaka 48, urefu wa sentimita 160 na uzito wa kilo 80. Ukigawa 80 kwa 1.6, kisha ukagawa tena kwa 1.6, unapata 31. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, kuanzia 25 ni uzito uliozidi na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kwa hiyo mama huyu ana sababu ya msingi ya kupungua.

Akijinyima chakula bila kufanya mazoezi, mwili utachoma mafuta, lakini pia utavunja misuli ili kupata protini ambayo haipati katika mlo. Kwa kawaida, mtu anayepungua kwa kula kidogo tu, takribani robo ya kilo anazopoteza si mafuta. Katika kilo 8 hizo ni kama kilo 2. Njaa ikimshinda na akarudia mlo wake wa zamani, mafuta yatarudi haraka, lakini misuli haitarudi bila kufanyiwa kazi. Mwaka unaofuata atakuwa na kilo 80 zilezile, mafuta mengi zaidi na nguvu kidogo zaidi. Akifanya hivyo mara tatu au nne katika maisha, uzee utamkuta bila akiba ya misuli.

Mama huyohuyo akipunguza chakula kwa kiasi, akala protini ya kutosha na akafanya mazoezi ya kuinua vitu vizito, sehemu kubwa ya kilo 8 hizo itakuwa ni mafuta. Hayo ndiyo mafanikio tunayoyatafuta.

KUPUNGUZA BILA KULALA NJAA

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takribani kilokalori 7,700. Ukipunguza kilokalori 500 kwa siku, utapoteza karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni, kisha kasi itapungua kidogo kwa sababu mwili mdogo hutumia nguvu kidogo. Kwa mfano wetu, kilo 8 zinaweza kuchukua miezi mitano hadi sita. Mtu anayekuahidi kilo 8 kwa wiki mbili anakuuzia upungufu wa maji.

Je, kilokalori 500 zinatoka wapi? Wengi hudhani ni lazima kuacha ugali. Tuangalie vitu vitatu tu:

1. Soda moja ya kola ya mililita 350 ina sukari kama gramu 37, sawa na vijiko 9 vya chai. Ukiiacha na kunywa maji umeokoa takribani kilokalori 150.

2. Anayekunywa vikombe vitatu vya chai kwa siku, kila kimoja kwa vijiko vitatu vya sukari, anatumia vijiko 9. Akishusha hadi kijiko kimoja kwa kikombe ameokoa takribani kilokalori 95.

3. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina takribani kilokalori 120. Familia ikipima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa, kila mlaji anaweza kupunguza vijiko viwili kwa siku. Hapo ameokoa 240.

Jumla ni karibu 485, na hakuna tonge la ugali lililoondolewa. Wale wanaotumia bia wajue kuwa chupa ya mililita 500 ina takribani kilokalori 200 au zaidi. Chipsi, vitumbua, maandazi na sambusa navyo hunyonya mafuta mengi vinapokaangwa. Vikiwa chakula cha kila asubuhi, juhudi nyingine zote hudhoofika.

Kuhusu sahani, kanuni ni rahisi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani na mboga nyingine, kama mchicha, matembele, kabichi, nyanya chungu au bamia. Robo iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Robo iliyobaki iwe maharage, samaki, mayai au nyama. Katika nyumba nyingi mpangilio huu ni kinyume: ugali unajaza sahani na mboga ni ya kutowelea tu. Pia tunashauri dona badala ya sembe, kwa sababu pumba na kiini cha mahindi havikuondolewa. Nyuzinyuzi zake hushibisha kwa muda mrefu zaidi.

PROTINI NDIYO MATOFALI YA MISULI

Mtu mzima asiye na shughuli maalumu anahitaji protini takribani gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayepunguza mafuta na kufanya mazoezi anahitaji zaidi: gramu 1 hadi 1.2 ni lengo zuri kwa watu wengi, na wanaofanya mazoezi mazito hufika hata 1.6. Mwenye unene wa kupindukia apige hesabu kwa uzito anaotarajia kuufikia. Mama wa mfano wetu anayelenga kilo 72 anahitaji kati ya gramu 72 na 86.

Kiasi hicho kinapatikana bila kununua unga wa protini wa kwenye makopo. Kwa siku moja anaweza kula hivi:

Asubuhi: mayai 2 ya kuchemsha (gramu 12) na kikombe cha maziwa (gramu 8).

Mchana: kikombe cha maharage yaliyopikwa (gramu 15) na ugali wa dona wa unga gramu 100 (gramu 8), pamoja na mboga.

Jioni: dagaa wakavu gramu 40 (takribani gramu 24), ndizi za kupika na mboga.

Kabla ya kulala: kikombe cha mtindi (gramu 8).

Jumla ni kama gramu 75. Asiyemudu mayai aongeze kunde, choroko, mbaazi au dengu. Dagaa wakavu ni hazina iliyo karibu nasi, maana zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Karanga nazo zina protini nzuri, lakini zina mafuta mengi, kwa hiyo kiganja kimoja kinatosha.

Tusisahau makande. Protini ya mahindi ina upungufu wa kiini kiitwacho laisini, ambacho kipo kwa wingi katika maharage. Protini ya maharage nayo ina upungufu wa kiini kiitwacho methionini, ambacho mahindi yanacho. Vikipikwa katika chungu kimoja vinasaidiana. Wazee wetu wa Upareni na kwingineko walikula makande bila kujua majina hayo, na ni chakula cha kujivunia, mradi maharage yawe mengi na mafuta yawe kidogo.

MAZOEZI: DUMU LA MAJI LINATOSHA

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Sehemu ya kwanza wengi wanaifahamu: kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano. Kipimo chake ni kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Wanakwaya wataelewa upesi.

Sehemu ya pili ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayolinda misuli. Msuli hubaki pale tu unapopewa kazi ngumu. Huhitaji ukumbi wa mazoezi wenye vyuma. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo dumu la plastiki ni chuma ambacho unaweza kukiongeza au kukipunguza uzito upendavyo. Anza na lita 3 hadi 5, kisha fanya yafuatayo:

1. Kukaa na kusimama. Kaa kwenye kiti imara, mikono kifuani, kisha simama bila kushika kitu. Ukizoea, chuchumaa na kuinuka bila kiti, na baadaye ukiwa umekumbatia dumu.

2. Pushapu. Anza kwa kusukuma ukuta ukiwa umesimama. Ikiwa rahisi, tumia ukingo wa meza nzito, kisha benchi, hatimaye sakafu.

3. Kuvuta. Inama kidogo mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja ukishika benchi, na mwingine uvute dumu kutoka chini hadi kiunoni.

4. Kunyanyua. Chukua dumu kutoka chini kwa kukunja magoti na nyonga, mgongo umenyooka, hadi usimame wima.

5. Kubeba. Shika dumu kila mkono na utembee hatua 30 hadi 40 bila kuegemea upande.

Kwa mazoezi manne ya kwanza rudia mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, na ufanye mizunguko miwili au mitatu. Mara mbili za mwisho ziwe ngumu, lakini usifike mahali pa kupinda mgongo. Ukifikisha 12 kwa urahisi, ongeza lita moja. Bila kuongeza, msuli hauna sababu ya kukua. Wacha angalau siku moja kati ya zoezi na zoezi, kwa mfano Jumanne na Ijumaa, kwa maana msuli hujengeka wakati wa mapumziko. Usingizi wa saa 7 au zaidi ni sehemu ya mazoezi.

Wanawake wengi hutuambia wanaogopa kuwa na miili kama ya wanaume. Hofu hiyo haina msingi. Homoni ya testosteroni inayokuza misuli mikubwa ni kidogo sana kwa wanawake, na hata wanaume hutumia miaka mingi kuipata miili hiyo.

Wapo pia wanaolala chini na kuinua kiwiliwili mara mia kila siku ili kuondoa kitambi. Zoezi hilo huimarisha misuli ya tumbo, lakini mwili hauchomi mafuta ya mahali ulipochagua wewe. Kuvaa nailoni ili kutoka jasho jingi nako hakusaidii, kwa kuwa jasho ni maji na chumvi. Mwaka 2014 wanasayansi wawili wa Australia, Ruben Meerman na Andrew Brown, walionyesha kuwa katika kilo 10 za mafuta yaliyotumiwa na mwili, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi kama hewa ya kaboni, na kilo 1.6 hutoka kama maji.

JE, ANAYELIMA ANAHITAJI MAZOEZI?

Swali hili huulizwa karibu kila kijiji. Anayelima kwa jembe, kubeba kuni na kuteka maji kila siku tayari anafanya mazoezi, na mara nyingi anachohitaji ni protini zaidi. Lakini kazi ya shamba ni ya msimu. Mvua zikiisha, wengine hukaa miezi kadhaa bila kazi nzito, huku wakiendelea kula kama wakati wa palizi. Walimu, wainjilisti, wafanyabiashara wa dukani, madereva na sisi wa maofisini hatuna hata msimu huo. Kwetu mazoezi ya dumu si anasa.

JIPIME KWA FUTI NA KWA KITI

Badala ya kutegemea mizani peke yake, tunashauri vipimo viwili kila baada ya wiki mbili.

Cha kwanza ni kiuno. Tumia futi ya fundi cherehani. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida. Hatari huanza kuongezeka kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi kuanzia 102 na 88.

Cha pili ni kiti. Hesabu ni mara ngapi unaweza kusimama na kukaa kwa sekunde 30 bila kutumia mikono.

Kiuno kikipungua na idadi ya kiti ikibaki palepale au kuongezeka, unapoteza mafuta na misuli iko salama, hata kama mizani inashuka polepole. Kiuno na idadi ya kiti vikipungua pamoja, ongeza protini na uache haraka.

TAHADHARI

Kupungua bila kukusudia ni jambo tofauti kabisa. Anayekonda huku anakohoa, ana homa, anakojoa mara kwa mara au ana kiu isiyokwisha aende kituo cha afya mara moja. Wajawazito na wanaonyonyesha wasijipunguze bila ushauri. Wenye kisukari wanaotumia dawa waonane na mhudumu wao kwanza, maana sukari inaweza kushuka mno. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini bila kumwuliza daktari, na mwenye maumivu ya kifua asianze mazoezi kabla ya kupimwa. Vidonge na chai za kupunguza unene visivyosajiliwa viepukwe. Nyingi kati ya chai hizo huharisha tu na kuondoa maji.

Lipo pia jambo la majirani. Mtu akipungua, wapo wanaonong'ona kwamba ana UKIMWI, au kwamba mambo yake yameharibika. Maneno hayo yamewarudisha nyuma watu wengi waliokuwa wameanza vizuri, na yanawaumiza pia wale wanaoishi na virusi. Dawa yake ni kufanya jambo hili kwa pamoja na kwa uwazi.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, vya akina mama na vya kwaya walichukue suala hili. Siku ya mkutano, leteni futi moja na kiti kimoja, mpimane, na kila mwanachama aandike namba zake mbili katika daftari lake. Soda ya mkutano ibadilishwe kwa maji, na maandazi kwa makande. Kisha kabla ya kufunga, fanyeni mizunguko miwili ya dumu. Maafisa wetu wa maendeleo ya jamii katika majimbo wako tayari kuja kuwaonyesha namna ya kuanza.